Keki Zilizoandikwa Majina

Kabla Waceke hajasomea keki, mtu aliweza kuingia nyumbani kwake Kitengela, akapewa chai na mkate uliopakwa siagi, akala, akapangusa mdomo na kwenda zake bila kufundishwa lolote. Hayo yalikwisha mwaka wa 2006, aliporudi kutoka kozi ya wiki mbili mjini Nairobi akiwa na cheti, mifuko ya kukamulia aisingi, na vijimdomo vya bati ambavyo kila kimoja kilikuwa na meno yake. Kuanzia hapo mgeni hakulishwa. Mgeni alionyeshwa. Keki ilizungushwa mbele ya macho yake aione ubavu huu na ubavu ule, akatajiwa jina la ua lililo juu, na kama alikuja na njaa, basi hilo lilikuwa shauri lake na tumbo lake.

Cheti alikitia kwenye fremu akakitundika jikoni, juu ya friji. Kilisema amehudhuria. Hakikusema amefaulu, lakini fremu ilikuwa ya rangi ya dhahabu, na watu hawana tabia ya kusoma kilichomo ndani ya fremu ya namna hiyo.

Vile vikeki vidogo ambavyo Kitengela nzima iliviita kwinkeki, na ambavyo kila duka lilikuwa navyo kwenye ndoo karibu na mizani, yeye aliviita kapkeki. Ukikosea alikusahihisha. Alimsahihisha pasta. Alimsahihisha mzee wa punda aliyemletea maji, ambaye hakuwa ameuliza.

Jirani yake Selpha, mwanamke wa kutoka Siaya ambaye mumewe Nashon alikuwa karani Nairobi, hakusahihishika. Alikuja siku moja akaegemea mlango wa jikoni, mtoto mgongoni, akatazama sinia lililokuwa mezani.

"Mama Cate, hebu nieleweshe. Hii si kwinkeki?"

"Si kwinkeki. Ni kapkeki."

"Unga?"

"Unga."

"Mayai, sukari, siagi?"

"Ndiyo, lakini iko na finishi. Kwinkeki inatoka kwa moto inaliwa. Hii ikitoka kwa moto ndiyo kazi inaanza."

Selpha aliinama akakagua lile ua jeupe la aisingi lililosimama juu, refu kuliko keki yenyewe. "Basi ni kwinkeki imevaa kofia ya kwenda harusini."

Mtu ambaye bado anaoka kwa sufuria juu ya makaa, na makaa mengine juu ya kifuniko, unamjibu nini? Waceke alimpa moja ale, na akamtazama akianza na aisingi, akiilamba yote kama mtoto, ndipo aje kwenye keki. Waceke akatikisa kichwa. Watu hawajui hata pa kuanzia.

Lakini ukweli usemwe, kapkeki zenyewe hazikuja hivi hivi. Za kwanza alizijaza unga hadi mdomo wa karatasi, na oveni ikiwa kali zikapanda, zikapasuka vichwa, zikakaa kama milima ya Ngong ikitazamwa kutoka mbali na mtu mwenye homa. Za pili alifungua mlango wa oveni kila mara azichungulie, zikazama katikati. Za tatu aisingi aliiweka zikiwa bado na joto, ikateleza ikashuka ubavuni. Makosa yote hayo yaliliwa na mumewe, Wachira, mwanamume wa maneno machache aliyekula alichowekewa. Ilipofika wakati Waceke amejua kujaza karatasi chini kidogo ya ukingo, kuacha oveni ifungwe, na kungoja keki ipoe kabisa, Wachira alikuwa ametoboa mkanda wake tundu jingine.

Sasa kuna Cate. Cate alikuwa binti yao wa pekee, aliyevuka thelathini, muuzaji katika duka la dawa za mifugo huko Kajiado mjini. Alikuwa mpole, lakini upole wa mtu anayeuza dawa ya kupe kwa wanaume siku nzima si upole wa kuchezewa. Mara mbili alileta mchumba nyumbani, na mara mbili mama yake alimtimua bila kunyanyua mkono. Melvin, wa kwanza, aliulizwa mbele ya watu kama ni kweli kwao samaki hupikwa na macho. Wa pili, Waweru, alikuwa Mkikuyu kama wao, kwa hiyo hakukuwa na samaki wa kumuuliza; aliulizwa kwa nini viatu vyake vimelika upande mmoja. Wote wawili walikunywa chai hadi mwisho kwa adabu, na wote wawili hawakurudi.

Wa tatu alikuwa Katoo, Mmaasai, daktari wa mifugo, aliyeingia dukani kununua sindano na akawa haachi kuzinunua. Cate alipomtangaza, alimwita mama yake kando, akafunga mlango wa chumba.

"Mama, huyu ndiye wa mwisho."

"Wa mwisho aje?"

"Ukimharibia huyu, sitaleta mwingine. Nitakaa tu na dawa zangu za minyoo."

"Mimi nimemharibia nani? Waliondoka na miguu yao."

"Nimekwambia tu, Mama."

Na alikuwa amemaanisha. Waceke alimjua mwanawe. Alipokuwa mdogo alikataa uji wiki nzima kwa sababu ya neno moja. Akaona ndani ya moyo wake nyumba isiyo na mjukuu, Krismasi za watu watatu wazee wakitazamana juu ya sinia la kapkeki. Tena alikwisha kuwatangazia kina mama wa kanisa kwamba harusi ni Agosti, na keki atatengeneza mwenyewe. Kwa hiyo hii aliamua kuifanya vizuri. Balaa la mtu wa aina ya Waceke ni siku anapoamua kufanya jambo vizuri.

Mambo yalikuwa hivi. Baba yake Katoo alikuwa amefariki, na mahali pake pameshikwa na ndugu yake mkubwa, mzee Kuntai. Huyu alikuwa amekuja mara moja kusalimu, akakaa, akatazama ukuta, akaondoka bila kusema ndiyo wala la. Sasa alikuwa anarudi Jumamosi na watu wake. Katoo alimwambia Cate waziwazi: mzee akila kwenu, tumemaliza, itabaki kupanga siku. Asipokula, hatarudi tena.

"Atakula," Waceke alisema. "Huyo mzee amekula nini maisha yake yote? Maziwa na nyama. Akionja kitu chenye finishi atalia."

"Mama, kuna mbuzi. Mbuzi anatosha."

"Mbuzi ni wa babako. Kwanza watakunywa chai na kapkeki. Kila mtu yake, na jina lake juu. Hiyo ndiyo kazi ya kiprofesheno."

"Andika tu maua."

"Maua yatakuwepo. Nitajie watu."

Cate akawataja, na Waceke akawashika kwa kichwa: mzee Kuntai, mama yake Katoo, shangazi, binamu wawili, Katoo mwenyewe. Halafu uso ukamng'aa. "Na baba yake."

"Baba yake amekufa, Mama."

"Najua amekufa. Sironka. Si yeye ndiye alituuzia hii shamba? Alikuwa akija hapa anakunywa chai yangu, anamcheka babako akipima mpaka na kamba. Tutamwekea kiti na kapkeki yake, kubwa kushinda zote."

Cate alisita. "Katoo huwa hamtaji."

"Ni uchungu huo. Basi tutamtajia sisi."

Hapo ndipo Waceke alipojiamini zaidi, na hakuwa na uovu hata chembe. Kwao Kiambu, mtu akifa jina lake halizikwi naye. Mtoto anapewa jina hilo, linaitwa uwanjani, linapigiwa kelele lioge, lilale, liache kuvuta mkia wa ng'ombe. Kumtaja marehemu ni kumweka hai. Mtu asiyetajwa ndiye aliyekufa kabisa. Kama kuna jambo Waceke hakudhani linahitaji kuulizwa, ni hilo, na ukiacha hilo hakudhani kuna lolote jingine linalohitaji kuulizwa.

Ijumaa akaanza kazi, na stima ikapotea. Mashine yake ya kupigia siagi ikakaa mezani kama redio isiyo na betri. Ikabidi Selpha aitwe, maana mikono ya Selpha ilikuwa na nguvu, na hiyo ndiyo sifa pekee Waceke aliyomkubalia. Wakapiga siagi na sukari kwa mwiko hadi ikawa nyepesi na nyeupe, wakaongeza mayai moja moja, wakakoroga unga uliochungwa mara mbili. Oveni ilikuwa ya gesi, kwa hiyo hapo hapakuharibika kitu. Zilitoka tambarare juu, rangi moja, kama zimemwagwa kwenye kalibu la kiwanda. Hata Selpha aligeuza moja akitafuta kasoro, akairudisha.

Jumamosi asubuhi ikawa ni aisingi. Upepo wa Kitengela ulikuwa umeamka mapema na vumbi lake, kwa hiyo madirisha yakafungwa, na madirisha yakifungwa joto likapanda, na joto likipanda siagi ikaanza kulegea. Waceke akaweka bakuli ndani ya beseni la maji baridi. Akakamua ua la waridi kwenye ukingo wa kila kapkeki, petali juu ya petali, mkono ukizunguka na pumzi imebanwa. Katikati akaacha uwanja mweupe, na kwa karatasi iliyokunjwa kama pembe akaandika majina kwa chokoleti. Hapa hata adui angesema kweli: mwandiko ulikuwa mzuri. KUNTAI. KATOO. Mama yake Katoo akamwandika kwa jina lake la usichana, ambalo Cate alilisikia mara moja tu kwa bahati. Na kwenye ile kubwa, iliyookwa kwenye bakuli la chai, waridi tatu nyekundu na jina moja.

Selpha akasoma akiwa na kitambaa cha vyombo mkononi. "Huyu si alikufa?"

"Ndiyo maana."

"Ndiyo maana nini? Kwetu mtu akifa tunamlilia na ng'ombe na ngoma. Hatujawahi kumwandikia keki."

"Selpha, kuna vitu unaona kwa mara ya kwanza. Wewe tazama tu."

Mpiga picha wa mjini alikuwa aje alasiri. Waceke alitaka picha ya meza nzima, ichorwe kubwa kwenye ubao wa kutundikwa langoni. Basi kapkeki zikapangwa kwenye meza ndefu uani, kila moja mbele ya kiti chake, zikafunikwa na vyandarua vya chakula, na hakuna aliyeruhusiwa kupumua karibu nazo.

Wageni walifika adhuhuri. Mzee Kuntai alishuka wa kwanza, mrefu, koti la suti na shuka begani, rungu mkononi.

"Takwenya," akamsalimu kwa Kimaasai.

"Iko," Waceke akajibu. Aliijua hiyo kutoka sokoni, na aliitoa kama mtu anayelipa nauli kamili. Kisha akamshika mzee kiwiko. "Wewe ni hapa, mzee."

"Mimi ni hapa kwa nini?"

"Jina lako liko hapo."

Kuntai akatazama chandarua. "Mimi najijua. Hata bila jina naweza kukaa."

Binamu wakacheka kidogo. Mzee hata hivyo akakaa alipoelekezwa, kwa namna ya ng'ombe anayeingizwa zizi lisilo lake. Upande wake wa kulia kulikuwa na kiti kitupu, na upande wa pili wa kiti hicho akakalishwa mama yake Katoo, mama mnyamavu mwenye shanga nyingi na miwani.

"Na hapa ni nani?" Kuntai akauliza, akionyesha kile kitupu kwa kidevu.

"Hapo mtaona," Waceke akasema, na akatabasamu tabasamu la mtu ambaye sifa ziko njiani zinakuja.

Wachira akaombea chakula. Chai ikamiminwa. Halafu Waceke akavua vyandarua kimoja baada ya kingine, polepole, na cha kiti kitupu akakiacha mwisho.

Binamu walifurahi. Mmoja aliinua ya kwake akaitazama chini na juu, akasema hii hata kuila ni dhambi. Shangazi alicheka akaficha meno. Lakini Kuntai hakuwa akitazama ya kwake. Alisoma shule hadi darasa la nne, na darasa la nne linatosha kusoma jina la ndugu yako.

Akaweka kikombe chini. Akasema maneno mawili kwa Kimaasai, kwa sauti ndogo. Mama yake Katoo akavuta shuka akafunika uso. Yule binamu akarudisha keki yake mezani taratibu, kama ameambiwa ni yai bovu.

Waceke akauona ule ukimya akadhani ni kuguswa. Akasimama wima, akafumba mikono kifuani, akatoa hotuba. Akasema katika nyumba hii hatusahau watu. Akasema mzee Sironka alikuwa rafiki. Akasema hata leo Sironka yuko nasi. Akasema Sironka angefurahi. Kila alipolitaja lile jina, bega moja mezani lilishuka, na Cate, aliyekuwa mlangoni na birika, akaona mabega yote yakishuka.

Kuntai akainuka. "Asante kwa chai," akasema, na hakuna aliyekuwa ameinywa. "Tutaenda pale kwa gari tupate hewa."

Wakamfuata, hewa ikiwa tele pale walipokuwa.

Jikoni Waceke alizunguka meza kama kuku aliyepotelewa na kifaranga. "Ni nini? Ni mayai? Hawali mayai?"

Katoo alikuwa amebaki nyuma. Alisimama karibu na friji, chini ya cheti, akikunja na kukunjua mikono ya shati. "Si mayai, Mama. Kwetu mtu akienda, watu wake hawamtaji kwa jina. Mimi tangu tumzike sijalitamka. Mjomba wangu alikuwa na jina kama hilo, akabadilisha, akaitwa lingine, ndiyo mama yangu asilisikie."

"Sasa mnamsahau?"

"Hatumsahau. Tunamwacha apumzike."

"Kwetu ni kumtaja ndiyo heshima. Mtoto wenu wa kwanza—"

"Mama," Cate akasema. Aliiweka birika chini. "Umemwita. Ukamwekea kiti, ukamwekea chakula, ukamwita mara tatu mbele ya mke wake. Unataka wakae hapo wamngoje?"

"Mzee amesema nini? Alisema kitu."

Katoo akatazama sakafu. "Ameuliza kama hapa watu huliwa."

Waceke akafungua mdomo. Alikuwa na mengi ya kusema, na mengi ya hayo yalikuwa mazuri: kwamba hakuna aliyemwambia; kwamba mtu aliyesoma darasa la nne hawezi kumfundisha adabu ya meza; kwamba waridi zile zilikuwa na petali ambazo mwalimu wake mwenyewe Nairobi hakuweza. Lakini Cate alikuwa akimtazama kwa macho makavu, na Waceke aliyajua macho hayo. Ndiyo yaleyale ya uji.

"Nikiyatoa majina," akasema mwishowe, "zitabaki nini?"

"Keki," Selpha akajibu kutoka kwenye sinki, bila kugeuka.

Kupitia dirishani, Kuntai alionekana amefungua mlango wa gari akakaa upande, miguu ikiwa nje. Mtu ambaye miguu yake iko nje hajaondoka. Waceke akasimama akaitazama ile miguu. Wachira alikuwa pale kando ya gari akizungumza na yeyote na asisikilizwe na mtu. Kisha Kuntai akainua mguu mmoja akauingiza ndani.

Waceke akachukua kisu cha siagi na beseni la maji moto, akatoka.

Hakuzirudisha keki jikoni kuficha aibu yake. Aliweka beseni pale mezani uani, mahali wote waliweza kumwona, akaanza na ya Kuntai. Kisu kikaingia chini ya waridi, ua likang'oka zima, likaanguka majini, likageuka mafuta. Jina likafuata. Ikaja ya Katoo. Ikaja ya shangazi. Alikuwa akikwangua kwa hasira, tusidanganyane. Midomo yake ilikuwa ikitembea, na alichokuwa akikisema hakikuwa sala. Alimlaani mwalimu wa kozi, akawalaani watu wanaoishi na sheria wasizoziandika ukutani, akajilaani mwenyewe kidogo, mwishoni. Lakini mkono haukusimama. Siku mbili za kazi zikaishia kwenye beseni, maji yakawa rangi ya matope.

Alipofika kwenye ile kubwa, kisu kikasimama hewani.

"Hii sijui," akasema kwa sauti, kuelekea garini. "Hii niambieni nyinyi."

Nyumba ile haikuwa imewahi kumsikia akisema hajui. Wachira aligeuza shingo kuona ni nani aliyesema.

Mama yake Katoo ndiye aliyekuja. Akaivisha ile keki kitambaa, akaibeba kwa mikono miwili, akaelekea kwenye ua wa miiba ya kayaba nyuma ya nyumba. Cate akamfuata na jembe dogo la bustani. Walikaa huko kitambo. Waliporudi mikono yao ilikuwa na udongo, na Cate akammiminia mama yule maji anawe, kisha yule mama naye akashika birika akammiminia yeye.

Waceke alikuwa amekwisha kuzivua keki karatasi zake na kuzivunja vipande, zote pamoja, ndani ya sinia moja. Hakuna aliyeweza kusema kipande hiki ni cha nani. Kile kiti kitupu alikiondoa akakipeleka jikoni.

Kuntai akaja. Alisimama juu ya sinia, akatazama muda, akachagua kipande kidogo kuliko vyote. Akatafuna. Uani hakuna aliyesogea.

"Sukari imekuwa mingi," akasema.

Hicho ndicho kipimo chenyewe, kijiko kwa kijiko, kama kilivyoandikwa kwenye karatasi ya kozi. Waceke alihisi maelezo yote yamepanda hadi kwenye koo. Cate alikuwa hatua mbili tu kutoka kwake.

"Ndiyo, mzee," akasema. "Imekuwa mingi."

Mzee akachukua kipande cha pili, kikubwa kidogo. Ndipo mikono mingine ikaja, ya binamu, ya shangazi, ya Katoo, na sinia likaanza kuonyesha bati. Mbuzi akafuata na moshi wake. Maneno yakaanza, yakaenda vizuri kama maneno ya namna hiyo yanavyokwenda, yaani kwa ubishi, na jua likiinama Agosti ikawa imekubaliwa. Mpiga picha alikuja akakuta mifupa na sinia lenye makombo. Akauliza apige nini. Wachira akamwambia apige watu.

Wakati wa kuondoka Kuntai alimwita Waceke kando ya gari.

"Wewe uko na kichwa ngumu," akamwambia.

"Nimeambiwa."

"Lakini nimeona mtu akiharibu kazi ya mikono yake na wageni wakitazama. Hiyo si rahisi. Mimi nitakuletea kondoo. Jike, mzuri. Nikishakupa, hatuitani tena majina. Mimi nitakuita Paker, na wewe utaniita Paker. Ni kusema kuna kondoo kati yetu. Watoto wangu pia watakujua hivyo."

Waceke alisimama akiyachekecha hayo. Mwanamke mwenye cheti, aliyefundisha kanisa zima tofauti ya waridi na daisi, aitwe kwa kondoo. Na iwe hivyo hadi kufa, mbele ya wajukuu, mbele ya Selpha, ambaye wakati huo alikuwa amesimama langoni na kikapu chake na masikio yake yote mawili. Kama ingekuwa angalau ng'ombe.

Gari likawashwa. Mzee akaingiza miguu yote miwili, akafunga mlango, akatoa mkono dirishani.

"Sere, Paker."

Cate alikuwa upande wa pili wa gari, ameshikana mikono na mama mkwe wake kupitia dirisha. Hakumtazama mama yake. Alikuwa ametega sikio tu.

"Sere," Waceke akasema. Neno la pili lilimkwama kidogo, kama kipande cha keki kavu. Gari likaanza kusogea. Akapiga hatua mbili nyuma yake, kwa vumbi, akakohoa, akapaza sauti ili asilazimike kulirudia. "Sere, Paker."